Hakuna Aliyekufa Mnarani

Mji wetu una kitu kimoja tu kinachofanya wageni wasimamishe gari, nacho ni mnara wa saa. Ni wa mawe ya kijivu, wa enzi za Mjerumani, una nyuso nne, na mishale ya nyuso zote imesimama mahali pamoja. Ukiuliza sababu, mtu yeyote pale stendi atakujibu kabla hujamaliza swali: saa ilisimama dakika ile ile Mjerumani alipokimbia vita. Atakuongezea bila kuombwa kwamba chokaa ya mnara ilikandwa kwa mayai ya mbuni, kwamba chini yake kuna mali iliyofichwa, na kwamba ndani ya msingi alizikwa mtu akiwa hai ili jengo lisianguke.

Mtu huyo alikuwa wa kwetu. Alikuwa baba wa baba yake bibi yangu. Jina lake silitaji, maana nyumbani jina la marehemu wa zamani hutajwa kwenye tambiko tu. Sisi tulimwita Mtu wa Mnarani, na nilipokuwa shule ya msingi nilijivunia sana. Wenzangu walikuwa na baba wenye baiskeli. Mimi nilikuwa na mnara.

Chuo kikuu kiliniharibia fahari hiyo. Nilikwenda kusoma historia, nikafundishwa kuuliza: nani amesema, alijuaje, alikuwepo? Nikayapenda maswali hayo kama mtu anavyopenda kisu kipya. Kila likizo nilirudi Ugogo nikiwa natafuta kitu cha kukata, na kilichokuwa karibu kilikuwa mnara.

Nilianza na saa. Pale barazani pa duka la nguo kulikuwa na fundi saa, mzee mwenye kioo cha jicho kilichofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta saa?"

"Nimeleta swali."

"Maswali sitengenezi," alisema. "Lakini kaa."

Nilimuuliza kama ni kweli saa ya mnara ilisimama siku Mjerumani alipokimbia. Alicheka mpaka kioo kikamdondoka.

"Basi mimi nilikuwa naupaka mzimu mafuta. Baada ya Uhuru, mwalimu wangu wa kazi alikuwa ananipandisha mle kila Jumatatu kuijaza ufunguo. Ilitembea vizuri tu. Siku moja kamba iliyoshika uzito wake ikakatika. Tukaomba nyingine. Hadi leo tunaisubiri."

Hilo la kwanza. La mayai nililimaliza mwenyewe. Nyuma ya stesheni kuna kilima, nikakuta huko mashimo mawili ya tanuri la chokaa, mawe yake bado meupe kwa ndani, na waliokaa karibu wakaniambia babu zao walichoma chokaa ya boma hapo kwa kuni za miyombo. Kuhusu mali iliyofichwa, niliwauliza waliochimba, maana mjini kwetu waliochimba si siri. Wanakuja na vioo, na kondoo mweusi, na mganga kutoka mbali. Kwa miaka yote walikuwa wamepata kofuli lenye kutu na fuvu la punda.

Nilikuwa nayaeleza haya kwa mama mmoja aliyeuza chai mkabala na mnara, mbele ya wateja wake, na sauti yangu haikuwa ndogo.

"Huyu msomi akimaliza likizo," mama huyo aliwaambia, "mnara utakuwa umebaki hewa."

Walicheka, nami nikacheka. Sikufikiria kwamba maneno yanayosemwa mbele ya chai ya watu hufika nyumbani kabla yako.

Nyumbani ilikuwa nusu saa kwa miguu kutoka mjini, kwenye kaya ya mdogo wake bibi, ambaye sisi wajukuu tulimwita babu. Bibi alirudi hapo alipofiwa na mumewe, na hapo ndipo aliponilea. Jumapili alikwenda kanisani na kitambaa cheupe cha akina mama. Na mara moja kwa mwaka, mawingu yanapoanza kukusanyika, alichukua kibuyu kidogo, akatia maji na unga wa uwele, akaenda mjini kwa miguu mpaka mnarani. Alimwaga maji yale kwenye pembe ya mashariki, taratibu, akisema maneno ambayo hakutaka tuyasikie. Watu wa mjini walimpisha. Hata waendesha bodaboda walizima pikipiki.

"Bibi, mchungaji anajua?" nilimchokoza siku moja.

"Kanisani naomba. Mnarani nasalimia. Wewe ukipita kwa mtu wenu humsalimii?"

Habari za Mtu wa Mnarani bibi hakuzipata stendi. Alizipata kwa mkewe mtu yule, aliyemlea bibi kama bibi alivyonilea mimi. Mwanamke huyo alitoka milima ya Kondoa. Aliolewa Ugogo akiwa msichana, lugha ya huku akiishika kwa shida, na alikuwa amevuna mavuno mamoja tu kwa mumewe wakati jumbe alipokuja na askari wawili.

Nimesikia mara nyingi yaliyofuata, na bibi aliyasimulia kwa maneno yale yale kila mara, mikono yake ikichambua majani ya mlenda. Mvua zilikuwa zimeanza. Kila mtu alitaka kuwa shambani. Jumbe alisema Mdachi, ndivyo walivyomwita Mjerumani, anataka watu wa mawe, akahesabu wanaume waliosimama uani, akaondoka na watatu, na mumewe alikuwa wa tatu. Mke alikuwa na mimba, mimba ya baba yake bibi.

Kule kwenye ujenzi posho ya unga haikushibisha mtu. Kwa hiyo kila baada ya siku mbili mke alipika ugali wa uwele na mlenda, akafunga kwenye kitambaa, akatembea. Aliwakuta wanaume wanapandisha mawe kwa kichwa kwenye ngazi ya magogo, mvua ikiwanyeshea, na mnyapara ameketi juu ya sanduku chini ya turubai, kiboko magotini. Mafundi wa kuta walikuwa watu wa pwani, wakisema Kiswahili ambacho si yeye wala mumewe aliyekijua. Mumewe alikuja kwake akinuka chokaa. Ngozi ya viganja ilikuwa imepasuka, akala kwa ncha za vidole. Tonge la mwisho alimrudishia mke kila mara. "Hilo la mwenye tumbo," alisema.

Siku moja alifika, mumewe hakuja. Wanaume walimwona wakanyamaza. Mmoja wao, wa upande wetu, alimpokea ule mzigo wa kitambaa, hakuufungua, akaupandisha akauweka juu ya ukuta, kwenye mstari wa mawe uliojengwa asubuhi. Kisha akamwambia arudi nyumbani. Mke hakurudi. Alikaa chini ya mti wa miiba, akangoja. Mchana wale wanaume walipumzika, wakajilaza mbavu nje nje, na hakuna aliyegusa chakula. Kilikaa pale juu mpaka nzi wakakijaa.

Baada ya siku mbili alikuja tena. Ukuta ulikuwa umepanda. Pale palipokuwa na chakula palikuwa na mawe.

"Walimwekea chakula chake," bibi alikuwa akimalizia. "Kisha wakamfunika nacho."

Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nilisikiliza haya na kuandika kwenye daftari: shahidi mmoja, mgeni wa lugha, hakuona mwili. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Mwaka huo huo halmashauri ilitangaza kupendezesha mnara. Kuzunguka mnara wote kungetandazwa matofali ya saruji, na maua, na viti vya wageni. Bibi miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na safari ya mwisho ya mnarani alipelekwa kwa baiskeli. Aliposikia habari za matofali aliacha kula siku nzima. Jioni akamwita mdogo wake.

"Wakishafunika, nitamwagia nani maji?"

Alichotaka kilikuwa rahisi kueleza. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huendwa mahali alipoonekana mara ya mwisho, huchotwa udongo, hufungwa kwenye kaniki na kuzikwa nyumbani karibu na watu wake. Siku hiyo chakula hupikwa na kuliwa pale pale kaburini na kila aliyekuja. Mtu wa Mnarani hakuwahi kufanyiwa, kwa sababu wote waliamini kaburi analo, tena kubwa kuliko la mtu yeyote. Sasa bibi alitaka aletwe kabla ardhi haijafungwa, na kabla yeye mwenyewe hajaondoka. Alitaka alazwe kando ya kaburi la mwanawe, yaani baba yao, ambaye hakuwahi kumwona baba yake.

Babu alikuwa mtu wa utani. Mimi aliniita mke wake tangu nikitambaa. Lakini kwa mambo ya kaya hakuwa na mzaha.

"Dada, kwanza tujue," alisema. "Aliyefia mbali huletwa. Aliyeondoka kwa miguu yake hurudi kwa miguu yake. Hiyo hatukuitunga sisi."

"Wewe tangu lini huna hakika?"

Babu hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Si huyu mke wangu anawaambia watu kwenye chai kwamba hadithi za mnara zote ni uongo? Ya saa uongo, ya mayai uongo, ya mali uongo. Nitachinjaje mbuzi kwa hadithi ya nne?"

Bibi alinitazama. Hakuwa na hasira. "Basi aende akasome," alisema. "Si ndiyo kazi tuliyompeleka? Mdachi alikuwa anaandika kila kitu. Akasome, arudi atuambie."

Babu alitenga mbuzi beberu mwenye doa, akamfunga kamba ya katani shingoni ili asiuzwe kwa bahati mbaya. Matofali yalikuwa yaanze baada ya mwezi.

Nilisafiri mpaka Dar es Salaam, kwenye chumba cha kutunzia nyaraka za kale. Kijerumani nilikuwa nimesoma mihula miwili, nacho hakikunisaidia sana na mwandiko wao wa zamani wa ncha kali, lakini mtunza nyaraka mmoja, dada mpole, alinikalia pembeni akanionyesha herufi. Siku ya nne tulipata daftari la vibarua wa mnara wetu. Karatasi zilikuwa na rangi ya chai. Kila mstari ulikuwa na jina la mtu, jina la jumbe wake, siku aliyofika, na mwishoni neno moja la kilichompata.

Nilimpata ukurasa wa kumi na kitu. Jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya, kama linavyotamkwa na mtu mwenye homa ya kifua, lakini lilikuwa lenyewe, na jumbe ndiye yule yule anayetajwa nyumbani. Nilisogeza kidole mpaka mwisho wa mstari.

"Ametoroka," dada yule alisoma.

Nitasema kweli: nilifurahi. Ilikuwa raha ile ile ya siku fundi saa alipocheka mpaka kioo kikamdondoka. Nilinakili mstari ule, nikafunga daftari, nikashukuru, nikaondoka. Kurasa zilizobaki sikuzisoma. Nilikuwa nimepata nilichotumwa.

Nilifika nyumbani mchana. Bibi aliketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yetu ya tembe, miguu ameinyoosha juu ya gunia. Babu alivuta kigoda. Hakuna aliyeniuliza habari za safari.

"Hayumo mnarani," nilisema. "Hakuzikwa hapo. Alitoroka."

"Nani kasema?" bibi aliuliza.

"Daftari lao wenyewe. Nimeona jina lake."

"Mdachi alimwona akienda?"

"Ameandika, bibi."

"Nakuuliza alimwona?"

"Bibi, haya yaliandikwa wakati ule ule. Si mambo ya kusimuliwa."

Alitazama mikono yake. Babu akamwita mtu upande wa zizi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Yule beberu mfungueni kamba."

Bibi aliuliza jambo moja tu zaidi siku ile. "Alikwenda upande gani?"

"Haikuandikwa."

"Si ulisema wanaandika?"

Matofali yalitandazwa. Mimi nilirudi chuoni, nikapanga chumba mtaa wa Kikuyu, karibu na chuo, pamoja na wenzangu wawili, nikaandika makala ndefu juu ya ukweli na uzushi kuhusu mnara wa saa wa mji mdogo wa reli. Nilipata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Mhadhiri aliisifu sehemu ya nne.

Nilipokuja likizo, kibuyu cha bibi kilikuwa kimewekwa mbegu za kunde. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, na bibi hakuyatazama. Hakunilaumu hata mara moja. Ila alikuwa akiuliza, katikati ya mambo mengine, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Unadhani alioa tena huko?"

"Sijui, bibi."

"Yule mama hakuolewa tena. Walikuja wanaume wawili, akawaambia yeye ana mume, yuko mjini." Akaendelea kuchambua. "Kumbe hakuwa na mume."

Siku nyingine: "Lile tonge la mwisho alikuwa anamrudishia. Mtu anayerudisha tonge, anaondokaje?"

Nilimweleza kwamba watu wengi walikimbia kazi za Wajerumani, kwamba kukimbia kulikuwa ushujaa, kwamba vitabu vimeandika hivyo. Nilizungumza kwa muda mrefu. Alinisikiliza kwa adabu, kama alivyowasikiliza mabwana shamba.

"Ushujaa ni kukimbia Mdachi," alisema. "Mkewe naye alikuwa Mdachi?"

Babu alikuwa ameacha kuniita mke wake. Aliniita mwalimu, na ualimu wenyewe nilikuwa bado sijaupata.

Bibi alifariki msimu ule mvua zilipokatika katikati, uwele ukiwa umefika magotini. Nilipigiwa simu jioni kwamba hali si nzuri, nikafika asubuhi iliyofuata. Mke wa babu alikuwa amempikia uji mwembamba, ameutia kwenye bakuli la bati lenye maua, akaupeleka ndani. Tulisikia akiita jina la bibi mara mbili. Mara ya tatu hakuita. Alitoka na bakuli limejaa, akaliweka kwenye kizingiti, akaketi chini.

Watu walianza kuja. Mmoja wao alikuwa shemeji yetu aliyetembea tangu alfajiri kutoka ng'ambo ya korongo kuja kumwona mgonjwa, bila kutia kitu tumboni. Alitoa pole, akaketi karibu na mlango, na mkono wake ukaenda kwenye lile bakuli kama mkono wa mtu yeyote mwenye njaa. Babu aliushika.

"Hicho hakiliwi."

Shemeji aliuvuta mkono haraka, akaomba radhi. Babu alilichukua bakuli, akatembea nalo mpaka kwenye ukuta wa zizi, akaliweka juu, mahali pa wazi. Akarudi. Hakuna aliyelitazama tena. Lilikaa pale asubuhi nzima, juani, na kufikia mchana nzi walikuwa wamelijaa.

Nililitazama mimi. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake, wakilia, nami macho yangu yalikuwa pale juu ya ukuta, kwa muda mrefu, kabla sijajua ninachokitazama.

Nilimfuata babu nyuma ya nyumba, walipokuwa wanapima kaburi.

"Babu, kwa nini hakiliwi?"

"Chakula kilicholetwa kwa mtu, akakutwa amekufa, si cha kuliwa na mwingine. Wala hakirudi jikoni. Kinaachwa palipo juu."

"Na kama mtu hakufa? Kama hayupo tu, ameondoka?"

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Popote. Amekwenda zake. Chakula chake kimeletwa, yeye hayupo."

"Hicho kinaliwa," babu alisema, akishangaa swali langu. "Watu wana njaa, chakula kiozee nini?"

Alirudi kwenye kamba yake ya kupimia, akapiga hatua mbili. Halafu akasimama. Hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, na kamba imelegea mkononi.

Tulimzika bibi siku ile bila kulisema. Yeye na baba yake walibakiwa na nafasi kati yao, ya hatua moja hivi.

Baada ya arobaini nilirudi Dar es Salaam, kwa dada yule yule. Nililiomba daftari lile lile, na safari hii nililisoma lote, kutoka jalada mpaka jalada, kwa siku tisa. Nilifanya jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelifanya siku ya kwanza. Nilisoma safu ile ya mwisho peke yake, kutoka juu mpaka chini, ukurasa baada ya ukurasa. Amemaliza. Amehamishwa kwenye reli. Ametoroka. Amemaliza. Ametoroka. Ametoroka. Katika miezi ya mvua kubwa, wakati wa homa, neno hilo lilijaa kurasa, limeandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja, mara nyingine mistari mitano mfululizo.

Neno "amekufa" nililitafuta. Halikuwemo. Watu walipasua mawe, walichoma chokaa, walipanda magogo yenye utelezi wakiwa na mawe kichwani, walilala kwenye tope na kula unga usiotosha, na katika daftari lote la mnara wetu hakuna aliyekufa. Hata mmoja. Na mimi, niliyemdai bibi yangu ushahidi, nilikuwa nimeligusa daftari hilo kwa kidole changu nikaliamini kama mtoto anavyoamini.

Kwa nini iliandikwa hivyo, sijui kwa hakika. Nadhani mnyapara aliyefiwa na watu aliulizwa maswali, na aliyetorokewa hakuulizwa; mtoro alikuwa mzigo wa jumbe, na jumbe aliamriwa alete mwingine. Hiyo ni dhana yangu, nami naiandika kama dhana. Sijui pia mtu wetu alikufa kwa nini. Naamini hayumo ndani ya ukuta. Naamini walimpeleka porini, upande wa pili wa korongo, kama walivyopelekwa wengi zamani, na mvua ikamaliza kazi. Na siwezi kuapa kwamba hakutoroka, kwa sababu wengine hakika walitoroka. Lakini wale wanaume waliojilaza mchana ule mbavu nje walijua yaliyompata, na walikuwa na njaa, na hawakula. Ushahidi huo nilikuwa nimeusikia mara mia moja. Niliuandika hata daftarini, na kuuandikia pembeni: shahidi mmoja, hakuona mwili.

Nilimweleza babu uani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno makali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mgongoni," alisema. "Na mimi ndiye ninayeshika mikono ya watu wasile. Sikuwahi kuviweka pamoja." Akachora chini kwa fimbo yake. "Dada alikuwa anasema walimwekea chakula chake. Tukadhani wanaulisha mnara."

Baada ya hapo alinituma nikachote udongo mnarani.

Mnara sasa una matofali mekundu na ya kijivu, na maua yanayotaka maji kuliko watu. Mama aliyekuwa akiyamwagilia alikuwa yule yule wa chai. Halmashauri ilikuwa imemwajiri baada ya kumhamisha kibanda chake. Nilimwamkia, nikamwomba niinue tofali moja kwenye pembe ya mashariki.

Alizima mpira wa maji. Alinitazama, kisha sururu ndogo niliyoshika.

"Na wewe umekuja kuchimba mali ya Mjerumani? Msomi mzima?"

Niliishusha sururu. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliangalia huku na huku, akasema, "Toa moja. Na ulirudishe lilivyokuwa." Akanigeuzia mgongo akamwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa.

Chini ya tofali kulikuwa na mchanga wa mto, mweupe, ulioletwa na lori. Nilichimba mpaka mkono ukazama kufikia kiwiko ndipo nikaikuta ardhi yetu, nyekundu, ngumu. Nilichota viganja viwili. Sikujua maneno ambayo bibi alikuwa anasema pale, kwa kuwa hakutaka tuyasikie, kwa hiyo nilisema shikamoo.

Tulimzika Jumamosi. Kaniki ilikuwa ndogo kama kifurushi cha sokoni. Babu aliiweka kwenye ile nafasi ya hatua moja, kati ya mwana ambaye hakumwona na mjukuu aliyemsalimu kila mwaka mpaka nilipomzuia. Beberu mwenye doa alikuwa ameshauzwa zamani, tulichinja mwingine. Babu aliita jina lake mara tatu, kwa sauti, na nilikuwa sijawahi kulisikia likiitwa kama la mtu anayeweza kuitika.

Mimi nilipika ugali wa uwele na mlenda, nikaufunga kwenye kitambaa. Nilitoka nyumbani nao, nikauzunguka uwanja wote kwa miguu kabla ya kuuleta kaburini, maana sikutaka ufike haraka. Babu aliupokea. Alifungua fundo, akamega, akala. Wengine wakamega. Ulipofika kwangu ulikuwa umepoa, mlenda umeganda pembeni. Nilimega, nikala, na tonge la mwisho lilipobaki tulilitazama sote, mpaka babu akasema, "Kula, mke wangu. Leo kinaliwa."